Kumsafirisha binti kwenye mashindano ya netiboli kwa kipato kidogo: mwongozo kwa wazazi wa Nyanda za Juu Kusini

Netiboli ni miongoni mwa michezo isiyohitaji fedha nyingi kuianzisha. Uwanja wa mita 30.5 kwa 15.25 unaweza kupimwa kwenye udongo wa shule, magoli mawili yenye urefu wa mita 3.05 huchomelewa na fundi vyuma yeyote, na mpira mmoja namba 5 huwachezesha wasichana saba kila upande. Gharama kubwa huanza pale timu inapokuwa nzuri. Klabu ya mtaani iliyokuwa ikicheza Uyole na Mbalizi huanza kualikwa Iringa, Njombe, Songea na Dodoma, na mzazi huambiwa siku ya Jumatano kwamba nauli na fedha za chakula zinahitajika kabla ya Ijumaa. Mwongozo huu unawahusu wazazi wa namna hiyo, ambao binti zao wana kipaji na kipato chao hakiruhusu mambo ya kushtukiza.

Jambo la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua mengine yote, ni kuipanga bajeti ya michezo kwa kufuata kalenda ya mazao badala ya kusubiri kalenda ya mashindano. Katika mikoa yetu mahindi huvunwa zaidi kati ya Juni na Agosti, na mkulima wa kawaida hupata fedha baada ya hapo. Mashindano mengi ya vijana hufanyika wakati wa likizo ya Juni, yaani siku ambazo mahindi bado yako shambani au ndiyo kwanza yanaanikwa, na akiba ya mwaka uliopita imekwisha kwa sare, madaftari na michango ya Januari, kisha mbolea ya kukuzia. Kwa hiyo fedha ya safari ya Juni inapaswa kutengwa katika mauzo ya Agosti au Septemba ya mwaka unaotangulia. Familia inayouza maziwa au majani ya chai, kama zilivyo nyingi Rungwe na Mufindi, hupata fedha kidogo kidogo mwaka mzima na inaweza kuweka akiba kila mwezi. Mkulima wa mpunga wa Kyela au Mbarali, na yule wa mahindi wa Mbozi, ni lazima aweke sehemu kubwa kwa mara moja.

Kaeni wazazi wote wawili, au mzazi na mlezi mwenzake, mwandike kwanza ada, chakula, matibabu na pembejeo za msimu ujao, kisha mkubaliane kiwango cha juu ambacho michezo haitakivuka kwa mwaka. Tuchukue mfano wa shilingi 240,000. Mwenye mshahara atatenga shilingi 20,000 kila mwezi. Mkulima anaweza kutenga shilingi 160,000 baada ya kuuza mazao, na shilingi 80,000 zilizobaki zikatokana na kuku, mboga za bondeni au vibarua. Zipo familia ambazo hutenga magunia mawili ya mahindi kwa jina la binti, huyahifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wasiyaharibu, na kuyauza kati ya Januari na Machi ambapo bei kwa kawaida huwa imepanda. Naupenda utaratibu huo kuliko kuweka fedha taslimu nyumbani, kwa sababu gunia lililokwisha kupewa mwenyewe haliguswi kirahisi kila penye dharura ndogo. Kiwango kikishapangwa, binti aambiwe kiasi chenyewe bila kufichwa. Msichana wa miaka kumi na minne anaelewa hesabu vizuri, na akijua kwamba fedha iliyopo inatosha safari mbili, atasaidia kuchagua ni zipi.

Uchaguzi wa mashindano ndipo fedha nyingi hupotea. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, na timu changa inayokwenda huko kucheza michezo miwili na kutolewa imelipa gharama kubwa kwa mazoezi madogo. Ni afadhali timu icheze mara nyingi Tukuyu, Vwawa na Chunya, ambako inaweza kwenda na kurudi siku moja, kisha isafiri mbali mara moja au mbili kwa mwaka ikiwa imeiva. Pia viongozi wa klabu wazungumze na wenzao kuhusu kukutana katikati. Makambako iko takriban nusu ya njia kati ya Mbeya na Iringa, na hapo ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoungana na barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Bonanza la siku mbili likiandaliwa Makambako, timu za pande tatu hugawana umbali, na hakuna familia inayobeba mzigo wote. Mashindano ya shule, yaani UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ni suala jingine: yanasimamiwa na walimu na maafisa michezo, na mwenyeji hubadilika, kama yalivyofanyika Mtwara mwaka 2021 na Tabora mwaka 2022. Binti akiteuliwa katika timu ya mkoa, mzazi aulize mapema na kwa maandishi ni vitu gani vitatolewa na ni vipi atanunua mwenyewe. Mwaka huo apunguze safari za klabu.

Kuhusu usafiri, hesabu ifanyike kwa idadi ya waliolipa, wala si kwa idadi ya wanaotarajiwa. Tuseme mwenye Kosta anataka shilingi 840,000 kwenda na kurudi. Wakipanda watu 28, kila mmoja atachangia 30,000. Wakipanda 14, ni 60,000, na huenda basi la kawaida likawa nafuu zaidi. Ndiyo sababu inafaa timu ya wasichana ya netiboli isafiri pamoja na timu ya mpira wa miguu ya mtaa huohuo, ikiwa zote zinakwenda mji mmoja, mradi wawepo walezi wa kike wa kutosha. Makubaliano na mwenye gari yaandikwe: nani analipia mafuta, dereva atalala wapi na kwa fedha ya nani, na malipo yatakuwaje gari likikaa siku ya ziada. Kutozingatia mambo hayo matatu ndiko kunakosababisha wazazi kuchangishwa tena wakati watoto wamekwisha kuondoka.

Zipo akiba ambazo sitazikubali kamwe. Watoto wasipandishwe kwenye Fuso juu ya mizigo, gari lisijazwe kupita viti vyake, na safari isifanyike usiku eti kuokoa gharama ya kulala. Wanaosafiri kuelekea Morogoro wanaufahamu mlima Kitonga, na upande wa Mbeya miteremko yetu imekwisha kuua watu wengi. Kama fedha haitoshi kusafiri salama, timu ibaki nyumbani.

Malazi yanaweza kushushwa hadi karibu na sifuri. Wakati wa likizo shule nyingi za bweni huwa na mabweni matupu, na mkuu wa shule aliyeandikiwa barua wiki kadhaa kabla, ikiwa na orodha ya majina, idadi ya walezi na ahadi ya kufanya usafi, mara nyingi hukubali kwa mchango mdogo wa maji na umeme. Barua ipite kwa Afisa Michezo wa Halmashauri ili iwe na uzito. Timu ibebe unga, mchele, maharage yaliyochambuliwa, mafuta na chumvi kutoka nyumbani, kila familia ikitoa kipimo chake, na mama mmoja au wawili wasafiri kama wapishi. Kwa njiani, kila mchezaji afungiwe viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, karanga na maji, kwa sababu chakula cha hoteli za njiani kinaweza kumaliza fedha ya siku mbili kwa mlo mmoja. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Njombe na Mufindi ni kali, hivyo blanketi na sweta nzito viingie kwenye begi kabla ya jezi. Taulo za kike ziwekwe kwenye bajeti ya timu, zitunzwe na mlezi wa kike, na asiwepo msichana wa kuziomba kwa aibu au kukosa mchezo kwa ajili hiyo.

Kwa vifaa, kiatu ndicho kinachostahili fedha. Soko la mitumba la Mwanjelwa lina raba nzuri kwa anayejua kuchagua. Kikunje kiatu katikati: kinachofaa hukunjika karibu na vidole, na kinachokunjika kama kitambaa tumboni kimekwisha kuchoka. Bonyeza kisigino kwa dole gumba uone kama kina ugumu, pitisha kucha kwenye ungio la soli na ngozi kutafuta gundi iliyoachia, kisha kiweke mezani ukitazame kwa nyuma ili uhakikishe hakijalala upande mmoja. Netiboli ina kusimama ghafla na kugeuka, na kiatu kilicholala upande huteguza kifundo cha mguu. Epuka raba za kukimbilia zenye soli nene iliyoinuka sana. Jezi na vile vitambaa vya herufi za nafasi vishonwe kwa fundi wa mtaani, viwe mali ya klabu na vikabidhiwe kwa sahihi baada ya kila mchezo. Mpira ujazwe kwa sindano iliyoloweshwa kwanza, kwani sindano kavu hupasua vali, na usiachwe juani.

Kinachopungua kitafutwe kwa watu wa karibu, na ni rahisi kupewa kitu kuliko fedha. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga atatoa nusu gunia la mchele pale ambapo angesita kutoa fedha taslimu, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaweza kulipia jezi zenye jina la duka lake. Klabu iliyosajiliwa kwa utaratibu wa Baraza la Michezo la Taifa husikilizwa zaidi kuliko kundi la wazazi lisilo na muhuri. Fedha za wanachama ziwekwe kwenye akaunti ya kikundi, ambayo haitoi fedha hadi viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe, na mweka hazina asiwe mwalimu wa timu.

Katika kila timu yupo msichana ambaye nyumbani kwao hata nusu ya mchango haipatikani. Klabu iamue mwanzoni mwa mwaka kwamba kila mzazi anaongeza kiasi kidogo, kwa mfano shilingi 1,000 kwa mwezi, kwa ajili ya mfuko wa nafasi moja au mbili, na wanaonufaika wajulikane na mwenyekiti na mweka hazina peke yao. Kuwasomea watoto orodha ya wadaiwa mbele ya wenzao ni ukatili, na wachezaji wazuri wameacha mchezo kwa jambo hilo.

Timu ikirudi, mkutano wa wazazi uitishwe ndani ya wiki moja. Risiti zisomwe moja baada ya nyingine, waliotoa mchele au jezi waandikiwe barua ya shukrani yenye matokeo ya michezo, na salio, hata likiwa shilingi 4,500, liandikwe kwenye daftari kama fedha ya kuanzia ya safari inayofuata.