Ukijenga deki ya Magic, chagua plani moja uishikilie

Wadau wa Mbeya na Iringa, hasa nyie vijana wa vyuo mnaojazana wikiendi kwenye geto la mtu pale Soweto au Iyunga mnapiga Magic (Magic: The Gathering, ule mchezo wa kadi) mpaka usiku na baridi lote lile, naona deki nyingi, yaani mafungu ya kadi mnayochezea, zina kadi kali ila deki yenyewe haijui inataka nini. Hapa naongelea deki ya kawaida, kadi 60, kila mtu anaanza na laifu 20.

Kabla hujagusa kadi hata moja jibu hili kwa sentensi moja: mi nashindaje? "Nashusha magoblini mengi mapema, zamu ya nne au ya tano nimemaliza." Hiyo ni plani. "Nina kadi nzuri za rangi tatu" hapo bado, hizo ni kadi tu umezikusanya. Sentensi ikigoma kutoka usianze kujenga, utapoteza muda bure.

Tuchukue hao hao magoblini (viumbe wadogo wa kwenye kadi), rangi nyekundu tupu. Goblin Guide anashuka kwa mana 1 (mana ndo nguvu ya kulipia kadi, unaitoa kwenye landi, zile kadi za ardhi), ni 2/2, yaani anapiga 2 na anakufa akipigwa 2, na anashambulia zamu ileile aliyoshuka. Goblin Chieftain ni mana 3, akitua tu wenzake wote wanaongezewa +1/+1 na wao pia hawasubiri zamu, wanaenda papo hapo. Sa ona zinavyoshikana, yule uliyemshusha zamu ya kwanza anazidi kuwa na faida kila ukiongeza kadi. Lightning Bolt nayo mana 1, inachapa pointi 3, unamtoa anayewazibia njia au unammalizia jamaa mwenyewe akibaki na laifu kidogo. Afu anatokea mtu anachomeka Shivan Dragon humo humo, kisa ni 5/5 anaruka, picha kali, na yupo toka 1993. Mana 6! Deki yenyewe ina landi 20 hivi na ilitakiwa iwe imemaliza kazi kabla ya hapo, kwaiyo dragoni anakuganda mkononi, kama mzigo wa Chunya uliopakiwa gari la Tukuyu. Kadi sio mbaya, mi naipenda sana, ila mjengee deki yake: landi 24 au 25, kadi za kuzuia mwanzoni, afu yeye ndo aje kumaliza.

Kingine, acha tabia ya kuweka mojamoja. Sheria inaruhusu nne za jina moja (landi za kawaida hazina kikomo) na namba zinaongea kabisa: ukiweka moja, uwezekano wa kuiona kwenye kadi 7 za mwanzo ni kama asilimia 12, ukiweka nne inafika kama asilimia 40. Zile zinazobeba plani weka nne nne bila kuoneana huruma.

Rangi, moja au mbili zinatosha. Ya tatu ngoja uzoee.

Najua kadi orijino kuzipata huku ni shughuli na hela ndo hivyo tena, so usinunue kwanza. Printi steshenari, kata, chomeka juu ya kadi ya zamani kwenye kifuko cha plastiki, cheza na washkaji mpaka uridhike, ila mashindano rasmi hawakubali za kuprinti. Au ingia Magic Arena kwenye simu, ni bure kuanza.

Wakati wa kujaribu kaa na daftari. Kila ukivuta kadi ukajikuta unasema "aah hii tena", iandike. Ikijirudia jina lile lile mechi baada ya mechi, itoe hata kama ndo uliyoitolea hela nyingi, afu weka nyingine inayoitumikia ile sentensi yako.

Na zile kadi 15 za pembeni (sideboard), unazoweka nje ya deki ili ubadilishe baada ya mechi ya kwanza, usiingize nyingi kwa mkupuo. Kwa magoblini tatu nne zinatosha, ukizidisha Chieftain anashuka anakuta hana wa kumuongezea nguvu.