Simu Mpya: Namna ya Kuziona Kasoro za Wiki ya Tatu Ukiwa Bado Dukani

Mwenye simu ya siku mbili ukimuuliza, atakusifia kioo kipana, rangi, wembamba na chaji inayojaa upesi. Mrudie baada ya wiki tatu: shavu linamkatia sauti katikati ya maongezi, ujumbe wa WhatsApp unaingia kwa mafungu pale tu anapowasha kioo, nafasi imejaa, na matangazo yanajileta yenyewe. Sifa za simu huonekana hapo hapo kaunta. Kasoro zake zinataka muda, na muda huo huna, maana risiti nyingi zimeandikwa maneno yale yale chini: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kinachowezekana ni kuzichokoza kasoro zijitokeze mapema. Nusu saa dukani inatosha kwa nyingi, na siku tatu nyumbani kwa zilizobaki. Maelezo haya yanahusu zaidi simu za Android za bei ya chini na ya kati zenye betri ya mAh 5,000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri), kwa kuwa ndizo zilizojaa kuanzia mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hadi Luthuli jijini Nairobi.

Kabla ya kufungua boksi

Beba laini zako zote mbili, memori kadi, bando la kutosha na mtu wa kukusaidia mwenye simu yake. Kisha kubaliana na muuzaji kwa maneno ya wazi: tukifungua nikakuta kasoro, unanibadilishia hapa hapa. Akikataa, hama duka. Boksi likishafunguliwa bila makubaliano, atakwambia simu imeshakuwa mtumba. Na usikubali awahi kukubandikia protekta, hata kama ni ya bure; sababu inakuja.

Piga *#06#. Simu ya laini mbili itakupa IMEI mbili, yaani namba za utambulisho wa simu, kila moja ina tarakimu 15, nazo zifanane na za kwenye boksi tarakimu kwa tarakimu. Kama uko Tanzania, itume kwa SMS kwenda 15090, na jibu litakutajia aina ya simu. Usiridhike kwa sababu tu jibu limekuja. Simu bandia inaweza kubeba IMEI iliyonakiliwa kutoka simu halisi, hivyo linganisha modeli iliyotajwa na ile uliyoishika. Kenya ilizizima simu bandia kwa mkupuo mwaka 2012, Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016.

Sikio, shavu na kioo

Hili ndilo lalamiko linalokera kuliko yote, na karibu hakuna anayelipima dukani. Ukiweka simu sikioni, kioo kinatakiwa kizime. Simu iliyokamilika ina sensa ndogo juu ya kioo, jirani na spika ya sikioni, inayorusha mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga ukigonga kitu na kurudi, simu inajua kuna kichwa mbele yake. Ili kupunguza gharama, simu nyingi za bei nafuu zimeondolewa sensa hiyo na kuwekewa ujanja wa programu. Simu inakisia kwa mwendo wa mkono na mguso wa kioo, au inatoa sauti nyembamba isiyosikika na binadamu na kusikiliza mwangwi wake.

Ukiwa umesimama wima, ujanja huo unafanya kazi. Ukilala ubavu, ukihamisha sikio au uso ukiwa na jasho, kioo kinawaka na shavu linaanza kubonyeza. Mara nyingi linaangukia kitufe cha kunyamazisha maiki. Mwenzako anaita "haloo, haloo", wewe unalaumu mtandao.

Jaribu hivi. Mtume mwenzako nje ya duka, mpigie, halafu:

1. Weka simu sikioni kwa sekunde 30 bila kutikisika.
2. Iondoe kama sentimita 10, uirudishe. Rudia mara tano.
3. Ihamishie sikio la pili huku mkiendelea kuongea.
4. Inamisha kichwa uibane simu kwa bega, kama mtu anayepika huku anaongea.

Muuzaji au mtu mwingine atazame kioo kutoka pembeni. Kikiwaka wakati simu iko sikioni, hata mara moja, achana na modeli hiyo. Kubadilishiwa nyingine ya aina ile ile mara nyingi hakusaidii, kwa sababu kama sensa haipo hilo si kosa la kiwandani, ndivyo ilivyoundwa. Ikifaulu, ndipo ubandike protekta na kurudia hatua ya kwanza na ya pili. Ikianza kusumbua hapo, protekta imeziba tundu la sensa: chagua iliyokatwa juu.

Ambaye ameshainunua ana dawa moja isiyo na gharama. Simu ikishapokelewa, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja. Kioo kitazima na maongezi yataendelea. Kwanza hakikisha kwenye mipangilio kuwa kitufe hicho hakijaruhusiwa kukata simu, na zima pia ile huduma ya kuwasha kioo kwa kukigonga mara mbili.

Mkiwa bado hewani, tazama alama ya mtandao juu ya kioo. Ikishuka kutoka 4G kila unapopiga, huduma ya kupiga kupitia 4G haijawashwa au simu haiendani na mtandao wako. Badilisha laini kwenye nafasi ya pili ujaribu tena. Kisha vuta trei ya laini uitazame: ina nafasi tatu au mbili? Zikiwa mbili, ukiweka memori kadi umepoteza laini ya pili. Wengi huligundua hili nyumbani, wakiwa na Yas (zamani Tigo) mkono mmoja na Voda mkono mwingine.

Namba za kwenye boksi

"RAM 8+8" si 16. RAM ni kumbukumbu ambayo simu hufanyia kazi programu zilizo wazi. Nane za pili ni sehemu ya nafasi ya kuhifadhia iliyoazimwa kufanya kazi ya RAM, nayo ni ya polepole mno ukilinganisha. Ukipewa chaguo la 8 kamili na 4+4, hizo si simu sawa.

GB 128 nazo hazitakuwa 128. Kiwanda huhesabu kwa 1,000; simu inayohesabu kwa 1,024 itakuonyesha kama 119, na mfumo wenyewe ukishakaa unakula takriban 15 hadi 25. Kwa hesabu hiyo simu ya GB 64 inakuachia kama 35 hadi 45, na mwenye magroup matano ya WhatsApp ya harusi, msiba na ukoo hatafika nayo mbali. Nafasi iliyobaki ikishuka chini ya sehemu moja ya kumi, tegemea simu kuanza kustaki.

Lakini kustaki kwa simu ambayo bado ina nafasi kunatokana mara nyingi na aina ya hifadhi, na hili haliandikwi kwa herufi kubwa. Hifadhi ya eMMC 5.1 husoma kwa takriban MB 300 kwa sekunde; UFS 2.2 hufika karibu 1,000. Ili kuitambua bila kipimo, shusha programu kubwa kutoka Play Store na, wakati inajisakinisha, fungua kamera, piga picha kumi mfululizo na uingie kwenye matunzio papo hapo. Simu yenye hifadhi dhaifu itaganda hapo mbele yako. Kama una bando, weka CPU-Z, programu inayoonyesha vifaa vya ndani ya simu, ulinganishe jina la prosesa na toleo la Android na yaliyoandikwa kwenye boksi.

Kwenye kamera, megapikseli 50 kwa kawaida hutoa picha ya 12.5, kwa kuwa pikseli nne huunganishwa kuwa moja ili zikusanye mwanga. Hiyo si wizi, ni jambo jema. Lenzi mbili za megapikseli 2 zilizopangwa pembeni yake ndizo pambo. Peleka kitelezi cha urembo kwenye sifuri kwanza, la sivyo utapima poda. Kisha mpige picha mtu anayepunga mkono kwenye kona yenye giza, na mtu aliyesimama mlangoni akiwa amelipa jua mgongo. Angalia uso wake umetoka na rangi yake halisi au umekuwa kivuli, ama umepaushwa. Tecno na ndugu zake walijijengea jina Afrika kwa sehemu kutokana na kushughulikia ngozi nyeusi kwenye kamera, na wengi wenye simu hizo hulitaja hilo kwanza wanaposifia.

Picha nzuri ikichakaa ukiituma WhatsApp, kamera haina kosa. WhatsApp huibana. Gusa HD kabla ya kutuma, au itume kama hati.

Kioo: fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, utafute madoa, kisha toka nacho juani uone kama bado kinasomeka. Basi.

Siku tatu za nyumbani

Betri ya mAh 5,000 inabeba nishati ya kama saa-wati 19. Kwa chaja ya wati 10 itachukua karibu saa tatu kujaa, kwa wati 18 kama saa mbili, kwa wati 33 saa moja na dakika kumi hadi ishirini. Ikizidi sana hapo, badilisha waya kabla ya kulaumu simu. Waya mwembamba unaouzwa barabarani hausafirishi umeme wa kutosha, na chaja ya zamani haielewani na simu mpya. Kasi kupungua baada ya asilimia 80 ni kawaida, inalinda betri. Simu kupata joto wakati unaitumia huku inachaji nayo hupunguza kasi.

Usiku wa kwanza, lala ukiwa umeacha data wazi na asilimia 100. Asubuhi, kupoteza 3 hadi 6 ni sawa. Ukikuta zimeondoka zaidi ya 10, ingia Mipangilio, kisha Betri, uone programu ipi imekesha. Ila usihukumu siku ya kwanza: simu mpya hushusha masasisho na kupanga picha zako chinichini. Pima usiku wa tatu.

Sasa WhatsApp inayochelewa. Watengenezaji hutaka simu isifiwe kwa kukaa na chaji, kwa hiyo mfumo unaua programu dakika chache baada ya kioo kuzima. Chaji inakaa kweli, na ujumbe wa bosi unaingia saa mbili baadaye. Fungua Mipangilio, Programu, WhatsApp, Betri, uiruhusu itumie bila kizuizi. Kwenye simu nyingi kuna swichi ya pili iliyofichwa mahali pengine, ya kuruhusu programu ijiwashe yenyewe; bila hiyo, ile ya kwanza haitoshi. Fanya vivyo hivyo kwa programu ya benki na ya pesa za simu. Halafu jaribu: zima kioo, subiri dakika 20, mwenzako akutumie ujumbe kwa data, siyo waifai.

Matangazo hutoka kwenye programu zilizokuja na simu. Tangazo likitokea juu ya kioo, libonyeze kwa muda mrefu. Litakuonyesha jina la programu iliyolileta, na hapo hapo unaweza kuizimia arifa. Zinazofutika, futa. Magazeti ya kwenye kioo kilichofungwa, yaani picha na habari zinazojibadilisha zenyewe, yana swichi yake kwenye mipangilio ya kioo hicho. Usizime programu ambayo huijui kazi yake. Na kama bando linayeyuka, weka Play Store isasishe kwa waifai tu, na nakala za picha vivyo hivyo.

Iliyotoka nje, na ya mkopo

iPhone iliyouzwa Marekani kuanzia toleo la 14, la mwaka 2022, haina trei ya laini kabisa. Inatumia eSIM peke yake, yaani laini isiyo na kadi, inayosajiliwa ndani ya simu. Hakikisha mtandao wako unaitoa kabla ya kulipa, na uliza kama simu imefungwa kwa kampuni ya huko. Kwa iliyotumika, afya ya betri ikiwa chini ya asilimia 80 ingiza bei ya betri mpya kwenye mazungumzo.

Simu ya kulipia kidogo kidogo ina programu ya kufunga ambayo haiondoki kwa kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Ukikosa malipo inafungwa, na kumuuzia mtu kabla hujamaliza ni kumuuzia kioo. Anayeuziwa simu "mpya" na mtu binafsi afungue mipangilio ya usalama aangalie programu zenye mamlaka juu ya kifaa. Jina la kampuni ya mkopo likiwemo, arudishe simu mkononi mwa mwenyewe. Anayeilipia mwenyewe, siku ya awamu ya mwisho aombe ifunguliwe moja kwa moja kwenye mfumo wao, azime na kuwasha simu, kisha aangalie tena orodha ile ile kabla ya kutupa karatasi za malipo.