Kuendesha ffmpeg kutoka Python: jihadhari na majina yenye ng'

Nimeandika haya baada ya kumsaidia kijana wa ofisi moja ya utalii hapa Arusha kupunguza ukubwa wa video za folda nzima kwa ffmpeg, programu ya kubadili video inayoendeshwa kwa amri. Anatumia Linux. Njia ni hiyo hiyo kwa programu yoyote ya nje.

Hatua ya 1. Sakinisha ffmpeg, uijaribu kwenye terminali.

Hatua ya 2. Tumia `subprocess.run`. Iko tangu Python 3.5 ya mwaka 2015, kwa hiyo `os.system`, njia ya zamani ya kuendesha amri, achana nayo kabisa.

Hatua ya 3. Andika amri kama orodha (`faili` ni video ya zamani, `mpya` ni itakayotoka, `-crf` ni kiwango cha kubana):

`subprocess.run(["ffmpeg", "-nostdin", "-y", "-i", faili, "-crf", "28", mpya], check=True, timeout=600)`

Usiandike sentensi moja yenye `shell=True`. Sentensi hupitia kwanza kwenye sheli (programu inayosoma amri za terminali), nayo hukata kila penye nafasi na kuchukua ritifaa (') kuwa mwanzo wa nukuu. Sasa Kiswahili kimejaa ng'. `Ng'iresi.mov` (Ng'iresi ni kijiji) itagoma papo hapo kwamba nukuu haijafungwa, na hiyo ni afadhali. Balaa ni `Ng'ombe wa Ng'iresi.mov`: ritifaa mbili zinafungana, sheli inazimeza kimya, kisha ffmpeg inatafuta `Ngombe wa Ngiresi.mov`. Unaambiwa faili halipo, na wewe unaliona pale pale! Mtu anaweza kukagua folda na ruhusa mpaka usiku.

Kuzungushia jina alama `"` kunaponya ng', lakini watu wa utalii huandika bei. `"Siku moja $200.mov"` itakuwa `Siku moja 00.mov`, maana sheli inaisoma `$2` kama kigezo (mahali pa kuwekea thamani), tena kitupu. Orodha haipiti kwenye sheli, kila kipande kinafika kilivyo. Ila ukiweka orodha pamoja na `shell=True`, kwenye Linux ffmpeg itaanza bila vipande vinavyoifuata.

Na tafadhali usibadilishe majina ili skripti ipite. Jina la kijiji liandikwe sawasawa.

Hatua ya 4. Usiondoe `check=True`; bila hiyo ffmpeg ikishindwa skripti inaendelea kama kawaida. `-y` hufuta faili la zamani bila kuuliza, hivyo video mpya ziende folda yake. `-nostdin` huizuia kusubiri kibodi.

Ukikutana na `TimeoutExpired`, yaani sekunde 600 za `timeout` zimeisha, ffmpeg imeshasimamishwa. Futa faili lililoishia njiani, ongeza sekunde, urudie.