Talaka Tanzania: anza na baraza, si mahakama

Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, shauri la talaka hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kwa Waislamu ni BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), wengine huenda baraza la kata au la dini yao. Usuluhishi ukishindikana, dai hati ya baraza inayothibitisha hivyo.

Isome hapo hapo, kabla hujatoka ofisini. Itamke wazi kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Barua inayosema tu "tunawaleta kwenu kwa hatua zaidi" imeponza wengi: kesi husikilizwa hadi hukumu, kisha mahakama ya rufaa inafuta yote, mnaanza upya. Hati isizidi miezi 6 siku ya kufungua shauri. Mwenzako akiitwa na kukataa kwa makusudi kufika barazani, au ametoweka hajulikani alipo, mahakama inaweza kupokea shauri bila hati.

Ndoa haijatimiza miaka 2? Omba kwanza kibali cha mahakama.

Mali hugawanywa kwa mchango. Mama wa nyumbani asikubali kuambiwa hana chake: tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983, kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango. Hata hivyo, leta ushahidi: risiti, mikataba ya kiwanja, jirani aliyekuona ukisomba maji ya ujenzi.

Mtoto chini ya miaka 7 hudhaniwa anafaa kukaa na mama, ila dhana hiyo hupingika, maana ustawi wa mtoto hutangulia.