Fonti inabadilika ukifika steshenari? Fanya hivi kabla hujatoka nyumbani

Mimi naprinti ripoti za wanachuo na kadi za harusi, na kitu kinachoniuma ni kuona mtu kakesha anapanga kazi yake afu akifika kwangu na flashi tunafungua Word herufi zimebadilika zote, kurasa zimeongezeka, yaliyomo yanasema sura ya tatu iko ukurasa wa 30 kumbe iko wa 33. Watu wanadhani printa mbovu. Printa haihusiki kabisa.

Iko hivi, kwa kawaida faili la Word halibebi fonti, yaani muundo wa herufi, linabeba jina la fonti tu. Kompyuta yangu ikisoma hilo jina inaitafuta, isipoikuta inaweka nyingine, na kila fonti ina upana wake kwa hiyo mistari inakatika kwingine na kurasa zinasogea. Siku hizi ndo imezidi, maana Word mpya zinaanza na Aptos wakati za kuanzia 2007 zilikua zinaanza na Calibri.

Hatua ya 1, chagua fonti na saizi. Saizi 12 ni pointi 12, na inchi moja ina pointi 72. Ila hiyo inapima kimo cha nafasi ya herufi, sio herufi yenyewe, ndo maana Arial 12 inaonekana kubwa kuliko Times New Roman 12. Times ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia 1932, kwa hiyo imebana, inakuokolea karatasi.

Hatua ya 2, kama ni fonti ya kudownload ya kadi, itoe kwanza kwenye zipu, raiti kliki, Install, afu funga Word ufungue tena. Sasa andika neno lenye ng' kama ng'ombe uangalie. Fonti nyingi za mapambo za bure hazina hicho kialama cha juu baada ya ng, Word inaazima cha fonti nyingine na jina la ukoo wa watu linatoka limekaa vibaya kwenye kadi. Hapa usiwe na haraka jamani, ni jina la mtu.

Hatua ya 3, na ndo kubwa kuliko zote: sevu kama PDF. File, Save As, chagua PDF. Ifungue na Acrobat Reader, bonyeza Ctrl na D, nenda Fonts, kila fonti iwe imeandikwa Embedded au Embedded Subset, maana yake imo ndani ya faili. Kama lazima ubaki na Word, ingia File, Options, Save, tiki Embed fonts in the file, ila fonti zingine leseni yake hairuhusu.

Hatua ya 4, kwenye kuprinti hiyo PDF na Acrobat Reader chagua Actual size, ukiweka Fit inaweza kupunguza ukurasa na 12 yako haitakua 12 tena. Zikitoka boksi boksi badala ya herufi, ingia Advanced, tiki Print As Image, itachelewa kidogo lakini itatoka kama unavyoiona kwenye skrini.

Kwa kadi toa moja kwanza, bwana na bibi harusi wasome majina yao wenyewe, wakikubali ndo uprinti zilizobaki.