Mkasi kati ya kiima na kiarifu

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Kiingereza niliwaambia watoto kwamba kiima, yaani mtu au kitu kinachozungumziwa, hukaa mwanzoni mwa sentensi. Nikaandika ubaoni “Yesterday my brother washed the dishes”, na karibu darasa zima likapigia mstari “Yesterday”. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo naanzia kwenye kitenzi.

Andika sentensi kwenye ukanda wa karatasi, umpe mtoto na mkasi. Tuseme ni “The box of pencils falls down.” Mwambie aiseme kana kwamba jambo lilitokea jana. Neno litakalobadilika ndilo kitenzi: “falls” itakuwa “fell”. Sasa muulize, kinachoanguka ni nini? Hapa usiwe na haraka. Wengi hujibu “pencils”, kwa sababu ndiyo nomino iliyo jirani na kitenzi. Usimsahihishe kwa mdomo. Mpe kikaratasi cha “It” na kingine cha “They”, ajaribu kuvipachika mahali pa kiima. “They falls down” haikai. “It falls down” inakaa, na hiyo “It” imefunika maneno yote manne, “The box of pencils”. Akate papo hapo, kabla ya “falls”. Kushoto kiima, kulia kiarifu, yaani maneno yanayotoa habari za kiima.

Kuna kikwazo kingine, nacho kinatoka kwenye Kiswahili chenyewe. Tukisema “Wanacheza”, sentensi imekamilika. “Wa-” imebeba kiima ndani ya kitenzi. Kiingereza hakibebi hivyo, ndiyo maana mtoto huandika “Is raining”. Au huzidisha, “My mother she is cooking”, akitafuta pa kuiweka ile “a-” ya “Mama anapika”. Si uzembe huo, mtoto anafikiri kwa lugha yake, na anastahili kuelezwa hivyo. Mwonyeshe “a-” kwa kidole, kisha mwonyeshe kwamba kwenye ukanda “My mother” imeshakaa na “she” haina nafasi.

Amri kama “Close the door” ziache hadi mwisho. Atazielewa upesi, kwani hata “Funga mlango” haimtaji anayeambiwa.

Na ile “Yesterday”? Aikate, aihamishie mwisho wa ukanda: “My brother washed the dishes yesterday.” Maana ni ile ile, ila sasa “My brother” yuko mbele peupe.