Chensoo mbili za saizi ya kati, uchukue ipi?

Ukikwama kati ya Stihl MS 271 na Husqvarna 455 Rancher, usihangaike na nguvu: zote ni kilowati 2.6, ingawa injini ya kwanza ina ujazo wa cc 50.2 na ya pili 55.5. Kwa miti ya migrevilea ya Marangu au Machame, yoyote inatosha. Zunguka kwanza maduka ya vipuri Moshi mjini uulizie cheni, plagi na kamba ya kuwashia. Ile ambayo vipuri vyake ni vya kubahatisha, achana nayo hata ikishushwa bei. Halafu ile unayoifikiria inyanyue ikiwa na mafuta, uilaze ubavu kama unayekata kisiki. Mkono ukitetemeka hapo hapo dukani, shambani saa nne asubuhi utakuwa hoi.